Umeme wa Gatini katika Meli za Bukoba

Meli inapofunga gatini huzima injini zinazozungusha propela, lakini mahitaji yake ya umeme hayakomi. Pampu za kunyonya maji ya ngama, feni za vyumba vya chini, majokofu ya jikoni, redio, taa na winchi za mizigo huendelea kudai nguvu muda wote inapopakia na kupakua. Nguvu hiyo hupatikana kwa njia mbili tu: jenereta inayonguruma ndani ya meli, au waya unaoletwa kutoka nchi kavu. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, bandari ya Bukoba katika Ziwa Victoria imeijua njia ya kwanza. Gati limekuwa mahali pa kupandisha ndizi, kahawa na abiria, na meli imekuja na umeme wake na kuondoka nao.

Chanzo cha hali hiyo ni reli. Reli ya Uganda ilifika mwambao wa ziwa, mahali palipokuja kuwa Kisumu, mwezi Desemba 1901, na kuanzia hapo meli zilizotengenezwa Uskoti zilisafirishwa vipande vipande hadi Mombasa, zikapandishwa kwa treni na kuunganishwa upya ufukweni. Meli ya William Mackinnon ilikwisha kushushwa majini kabla ya reli kufika, zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Winston Churchill alivuka kwa Clement Hill mwaka 1907, na katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka uliofuata alizisifu meli za ziwa hilo kwa mabafu na taa za umeme. Hilo halikuwa jambo dogo. Meli ya kwanza duniani kufungwa taa za balbu za Edison, Columbia ya Marekani, iliwashwa mwaka 1880. Kwa hiyo haikupita hata miaka 30 kabla ya teknolojia hiyo kuelea juu ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo miji yake yenyewe ilikuwa bado inatumia mafuta ya taa na vibatari.

Umeme wa meli hizo ulitokana na mvuke. Injini ndogo ya mvuke, mbali na ile ya kuendeshea meli, ilizungusha dainamo, na dainamo ikalisha taa kwa mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu kama ule wa betri. Moto wa boila ukizimwa, taa nazo huzimika. Ndiyo maana hata meli ilipotia nanga, vali za mvuke hazikufungwa zote: kuni ziliendelea kuteketea ili kupata mvuke wa winchi na wa dainamo. Hakuna aliyefikiria kuvuta waya kutoka nchi kavu, kwa sababu nchi kavu haikuwa na cha kuvutwa.

Bukoba ya wakati huo ilikuwa boma la Wajerumani, lililoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 katika ghuba inayotazamana na kisiwa cha Musira. Chombo chake cha umeme kilichojulikana mbali kilikuwa kituo cha simu ya upepo, chenye mnara mrefu na mtambo wake, kilichopeleka habari sehemu nyingine za koloni. Kituo hicho ndicho kilichowavuta Waingereza. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 walivuka kwa meli kutoka Kisumu, wakaushambulia mji, wakaubomoa mnara na kurudi zao. Wanajeshi waliteka mji kisha wakauacha, kwa kuwa shabaha yao ilikuwa mawasiliano ya adui. Baada ya hapo mji ulibaki na bandari yake na biashara yake, bila mtandao wa umeme ambao meli ingeweza kuunganishwa nao.

Mabadiliko makubwa ya upande wa meli yalikuja na meli iliyoitwa Victoria. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliagiza meli hiyo kwa kampuni ya Yarrow ya Glasgow. Ilijengwa mwaka 1959, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Kisumu kwa njia ileile ya zile za zamani, na kuanza kazi mwaka 1961. Ilikuwa meli ya dizeli, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 200, na iliuzunguka mwambao wote: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Kwa dizeli, suala la umeme lilibadilika. Injini kuu zingeweza kuzimwa kabisa bandarini, na jenereta ndogo peke yake ikaachwa iwake kwa ajili ya taa na mashine. Boila haikuwa tena moyo wa kila kitu.

Ratiba ya Victoria yenyewe ndiyo inayoonyesha uzito wa jambo hili. Kwa miongo mingi, safari ya Mwanza hadi Bukoba ilikuwa ya usiku. Meli iliondoka jioni, ikapitia bandari ya Kemondo, ikafika Bukoba asubuhi, kisha ikakaa gatini mchana kutwa kabla ya kurudi usiku. Saa zote hizo za mchana jenereta huwa inawaka. Mikungu ya ndizi inapangwa kwenye deki, magunia yanashushwa, wapishi wanaandaa chakula, mafundi wanafanya matengenezo madogo chini, na bomba la moshi linaendelea kutoa moshi mbele ya mji. Kwa kipimo cha kawaida cha jenereta za ukubwa wa kati, lita moja ya dizeli huzaa uniti 3 hadi 4 za umeme. Mhasibu yeyote wa Bukoba anaweza kuchukua bei ya lita kwenye kituo cha mafuta, akaigawa kwa uniti hizo, na kuilinganisha na bei ya uniti ya shirika la umeme, TANESCO. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu, na inaonyesha bila shaka kwamba kuwasha jenereta gatini ni kuchoma fedha.

Kwa nini basi waya wa nchi kavu haukuwekwa mapema? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Meli nyingi za Waingereza zilizojengwa kabla ya miaka ya 1950 zilitumia mkondo mnyoofu wa volti 110 au 220, na hata katika miaka hiyo viwanda ndiyo kwanza vilikuwa vinahamia mkondo geu wa fesi tatu. Umeme wa mijini Tanganyika ulikuwa wa mkondo geu, volti 230 kwa nyumba na 400 kwa mashine, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Chombo cha mkondo mnyoofu hakiwezi kuchomekwa tu kwenye umeme wa namna hiyo. Kinahitaji kigeuzi katikati: zamani mota iliyofungwa kwenye dainamo, siku hizi kifaa cha kielektroniki. Kigeuzi ni mali ya gharama, na wasimamizi wa bandari ndogo hawakuona haja ya kukinunua kwa ajili ya meli inayofika mara chache kwa wiki.

Sababu ya pili ilikuwa nchi kavu yenyewe, nayo ndiyo nzito zaidi. Mkoa uliokuja kuitwa Kagera uko ng'ambo ya ziwa, mbali na mabwawa ya umeme ya Tanzania, na kwa muda mrefu haukuunganishwa na gridi ya taifa. Bukoba iliendeshwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO. Katika hali hiyo, kuunganisha meli na umeme wa mji kungekuwa kuhamisha moshi kutoka bomba moja kwenda lingine: dizeli ya meli ingepumzika, na dizeli ya mji ingeongezewa mzigo isioweza kuubeba.

Ufumbuzi ulitoka Uganda. Katika miaka ya 1990 laini ya msongo wa kilovolti 132 iliyotoka Masaka ilifika Kyaka, na kutoka hapo umeme ukasambazwa Bukoba na baadaye Muleba na wilaya nyingine. Kyaka ni jina linalokumbukwa kwa daraja la mto Kagera lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Sehemu iliyokatwa na vita ikawa sehemu ya kupokelea umeme kutoka kwa jirani huyohuyo. Na umeme huo wa Uganda ulizalishwa Jinja, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, mahali ambapo maji ya Ziwa Victoria yanaanza kushuka kwenda Mto Nile. Hivyo balbu ya Bukoba ikawa inalishwa na ziwa lilelile lililobeba meli za Bukoba.

Uhusiano huo ulionekana wazi, na kwa uchungu, mwaka 2005 na 2006. Ukame na maji mengi yaliyoachiwa Jinja viliushusha usawa wa ziwa hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Vyombo vilipata shida kukaribia magati na mialo kwa sababu ya kina kidogo, na Uganda ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Mteja aliye mwisho wa laini ya Masaka hawezi kuepuka tabu ya aliye mwanzo wake. Kwa nahodha, kipindi kama hicho ndicho kinachomfundisha kutouza jenereta yake hata kama gati lina soketi nzuri kiasi gani.

Meli nazo zilikuwa na matatizo yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Victoria iliangukia Tanzania na kuwekwa chini ya Shirika la Reli. Zikaongezwa nyingine, zikiwamo Butiama, Serengeti, na Bukoba iliyounganishwa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa inakaribia Mwanza. Idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa zaidi ya 800, na familia nyingi za Bukoba na Muleba zilipata msiba. Meli ilikuwa imezidiwa abiria na haikuwa imara majini. Tangu siku hiyo, kipaumbele cha meli za ziwa kikawa uimara, maboya, mashua za uokoaji na ukaguzi, na ilikuwa haki iwe hivyo. Nyaya, mbao za swichi na jenereta zilisubiri, zikazeeka kwa kiraka juu ya kiraka.

Uzee wa umeme wa meli una dalili ambazo fundi huzitambua kwa macho. Ganda la waya wa zamani, la mpira, hukauka na kupasuka penye joto la chumba cha injini. Shaba inayochungulia hugeuka kijani kwa unyevu. Viungo vilivyolegea hupata moto na kuacha alama nyeusi kwenye ubao. Chombo cha aina hii kikiunganishwa na umeme wa nchi kavu bila kukarabatiwa, hatari huongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa laini ya nchi kavu inaweza kumwaga nguvu nyingi zaidi penye hitilafu kuliko jenereta ndogo ya ndani.

Kuboresha mfumo huo katika meli ya umri mkubwa huanzia kwenye sanduku la kupokelea umeme, ambalo hufungwa karibu na deki, mahali waya wa gatini unapoingilia. Ndani yake huwamo swichi kuu ya kukata umeme, vipimo vya volti na taa za kuonyesha mpangilio wa fesi. Mpangilio huo ndio wa kwanza kuangaliwa. Fesi mbili zikibadilishana nafasi, taa zitawaka vizuri na hakuna atakayeshtuka, lakini mota zote za fesi tatu zitazunguka kinyume: pampu ya ngama haitanyonya kitu, na feni iliyopaswa kuvuta hewa chafu itaisukuma ndani. Baada ya fesi hufuata kufuli la kuzuia vyanzo viwili kukutana. Jenereta ya meli na umeme wa gatini visipooanishwa, vikiingizwa pamoja kwenye ubao mmoja hugongana kwa nguvu inayoweza kuvunja shafti ya jenereta. Kwa hiyo swichi hufungwa kwa namna ambayo moja haiwezi kuingia kabla nyingine haijatoka.

Kuna pia suala la bodi ya chuma. Meli ikiunganishwa na nchi kavu kwa waya wa athi, chuma cha meli, chuma cha gati na maji yaliyo katikati hufanya kitu kinachofanana na betri kubwa, na chuma kimoja huanza kuliwa taratibu. Maji baridi ya ziwa hupitisha umeme kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo ulaji ni wa polepole, lakini kwa meli inayokaa gatini siku nyingi haupuuzwi. Dawa yake ni transfoma ya kutenganisha, inayopitisha nguvu bila kuunganisha shaba ya nchi kavu na ya meli. Transfoma hiyohiyo husaidia kurekebisha volti, maana waya mrefu kutoka mtaa hadi ncha ya gati hupoteza volti njiani, na mota zinazolishwa volti pungufu huungua.

Bukoba ina ugumu wake wa ziada. Gati lake liko wazi kwa upepo wa ziwani, tofauti na Kemondo iliyojificha ndani ya ghuba yake. Meli iliyofungwa Bukoba hupanda na kushuka na kuyumba, hivyo waya wake hauna budi kuwa na ulegevu wa kutosha na plagi inayokubali kuchomoka bila cheche. Na usawa wa ziwa haukai mahali pamoja. Mvua za mwaka 1961 hadi 1964 ziliupandisha kwa zaidi ya mita 2. Kilele cha Mei 1964, mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja, kilidumu zaidi ya nusu karne, kikapitwa kidogo Mei 2020, kisha kikapitwa tena mwaka 2024. Sanduku la soketi lililopimwa kwa kiwango cha mwaka 2006 lingekuwa chini ya maji.

Nafasi ya kurekebisha mambo haya kwa pamoja ilipatikana katika ukarabati wa Victoria. Meli ilikuwa imesimama tangu 2014. Mkataba na kampuni ya KTMI ya Korea Kusini ulisainiwa mwaka 2018, na kazi, iliyogharimu takriban shilingi bilioni 22.7, ikafanyika Mwanza. Injini, jenereta na mfumo wa umeme vilibadilishwa vyote, na Agosti 2020 meli ilirudi katika safari ya Bukoba ikiwa chini ya Kampuni ya Huduma za Meli, ambayo sasa inaitwa TASHICO. Ganda la mwaka 1959 likapata mishipa ya karne hii. Kwa meli ya umri huo, hatua ya kung'oa nyaya zote za zamani ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na sasa imekwisha kupitwa. Kilichobaki ni upande wa gati. Duniani, jambo hili si geni tena. Göteborg nchini Sweden ililisha meli umeme wa msongo mkubwa kuanzia mwaka 2000, na mwaka 2012 kikatoka kiwango cha kimataifa cha kuongoza miunganisho hiyo.

Wakati meli kubwa zilipokuwa zikingoja, vyombo vidogo vya Muleba vilikwisha kuhamia umeme wa nchi kavu kwa njia yao. Katika visiwa vya Bumbire, Ikuza, Goziba na Kerebe, uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza la mwezi, kwa taa zinazovuta samaki juu. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Mvuvi alijaza mafuta ya taa, akapiga pampu, akaiweka juu ya boya na kuiachia ielee. Tone la mvua kwenye kioo cha moto lilitosha kukipasua, na upepo ukiongezeka kifuko cha nyuzi kinachotoa mwanga kilisambaratika. Gharama ya mafuta ililiwa kwenye mavuno ya kila usiku, pawe na dagaa au pasiwe.

Katika muongo wa 2010 taa za LED zilianza kushika nafasi. Boya ni lilelile, lakini juu yake hukaa betri ya volti 12 iliyofungwa ndani ya ndoo au sanduku lisiloingia maji, na balbu iliyoelekezwa chini. Asubuhi chombo kinapotia ufukweni, betri hubebwa begani hadi kwenye banda la kuchajia, lenye paneli za sola au jenereta, na jioni hurudishwa majini. Kazi ya waya wa gatini hufanywa na mabega ya vijana. Makosa yanayotokea huko ni yaleyale ya meli kubwa kwa kipimo kidogo: betri inayochajiwa kwa haraka mno huchemka na kufa mapema, ile inayokamuliwa hadi mwisho kila usiku haimalizi misimu yake, na viungo visivyopakwa grisi huliwa na unyevu. Maarifa ya kuyazuia yanapatikana kwa fundi yeyote mzuri wa betri za magari, na mwalo wenye fundi wa namna hiyo una mali kubwa.

Hali ya nchi kavu nayo imebadilika. Mitambo ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, imeleta umeme mpya karibu, na gridi ya taifa imefika Nyakanazi, kusini mwa mkoa, ikielekezwa kaskazini hadi Kyaka. Umeme ukifika Bukoba kwa njia mbili, ya Masaka na ya Nyakanazi, sababu ya zamani ya kutoutegemea itakuwa imeondoka. Meli mpya, MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023 ikiwa na urefu wa mita 92.6 na nafasi za abiria 1,200, inahitaji umeme mwingi zaidi bandarini kuliko Victoria. Wanaochora magati ya Bukoba na Kemondo wanapaswa kuweka transfoma, soketi na njia ya waya katika mchoro wa kwanza, juu ya alama ya maji ya mwaka 2024, kwa sababu kuchimba zege lililokwisha kukauka ili kupitisha waya hugharimu mara nyingi zaidi ya kuacha bomba ndani yake siku linapomwagwa.